Sura ya Sita: Jaji wa Nne

Kufikia siku yake ya tatu ndani ya masjala ya mahakama, Mkaguzi alikuwa ameshajua mambo mawili: kwamba feni ya chumba kile ilikuwa pambo, na kwamba Msajili, aliyemshuku tangu Jumatatu, hakuwa na kosa lolote zaidi ya uvivu wa kusoma anachokisaini.

Hilo la pili lilimuudhi. Umshuku mtu siku mbili nzima, umkoseshe raha, halafu ugundue kwamba ni mvivu tu, si kutwanga maji kwenye kinu huko? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Saini ya Msajili ilikuwepo kwenye kila karatasi iliyolihamisha shauri namba hamsini na mbili kutoka kwa jaji mmoja kwenda kwa mwingine, na kila mara alikuwa amesaini chini ya jina la jaji lililokwisha kuandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Shauri lenyewe lilikuwa la madai, na kwa macho halikutisha. Mjane mmoja, mshona nguo, alimshtaki shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kwa kumpora nyumba. Siku kesi inafunguliwa, shemeji alikuwa keshaingia vyumba vinne vya mbele na familia yake, na mjane amebakiwa na chumba kimoja cha uani. Mahakama ikatoa amri ya muda: hali ibaki kama ilivyo mpaka shauri liishe. Chumba cha uani ni cha mjane maadamu analala humo yeye, au mtu atakayemweka yeye. Kikilala kitupu usiku mmoja, amekiacha. Mjane hakujaliwa mtoto, na ndugu zake walimwogopa shemeji kama ukoma. Basi miaka saba ilipita bila yeye kulala mahali pengine, hata kwenye msiba wa dada yake.

Na shauri halikuwahi kuanza. Kila jaji alipoitisha kikao cha kulipanga, yaani mashahidi ni nani, wataitwa lini, vielelezo ni vipi, alifungua jalada na kukuta mtu wake kwenye orodha ya mashahidi wa shemeji. Wa kwanza alimkuta mpwa wake. Wa pili alimkuta mwenye nyumba aliyowahi kupanga. Wa tatu, mwanamama asiyependa mzaha, alimkuta mume wa dada yake. Jaji hawezi kuupima ukweli wa mtu wake, kwa hiyo wote walijitoa, na kila mara jalada lilirudi masjala kungoja zamu ya mwingine. Kituo kilikuwa na majaji wanne. Watatu walikwisha.

Barua isiyo na jina ndiyo iliyomleta Mkaguzi kutoka makao makuu. Ilikuwa na mistari miwili tu: kuna mkono unawachezea majaji kwenye shauri hili, njooni mwone wenyewe.

"Nikuletee chai?" aliuliza Karani Mkuu.

Huyu alikuwa mzee mfupi, mtanashati, shati limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono. Mahakama nzima ilimwita Lakiri, kwa kuwa alianza kazi enzi za kufunga bahasha kwa lakiri, ile nta ya mhuri, na walioijua sababu hiyo wengi walikwisha kustaafu.

"Nimeshakunywa, ahsante. Mzee wangu, hebu nieleze tena zamu inavyokwenda. Nieleze kama mtu asiyejua lolote."

"Haina ugumu. Shauri likifunguliwa linaingia kwenye daftari la zamu. La kwanza kwa jaji wa kwanza, la pili kwa wa pili, tukifika wa nne tunarudi mwanzo. Lililokosa jaji linapanga foleni kama jipya. Ambaye alishajitoa tunamruka."

"Nani anaamua litaingia foleni siku gani?"

"Mimi, jalada likiwa tayari."

"Na siku hiyo unaweza kujua litaangukia kwa nani?"

"Mungu ndiye ajuaye." Lakiri alitabasamu. "Mungu, na watu wanaoamka siku hiyo na hamu ya kushtakiana. Wakija wawili, zamu inasogea mara mbili."

Mkaguzi alifunua kurasa za nyuma. Asubuhi ile jalada lilipoangukia kwa jaji wa pili, yalitangulia mashauri matatu yaliyofuatana: mtu kamshtaki jirani kwa sababu ya jogoo, mtu kamshtaki kinyozi kwa kumharibu kichwa kabla ya harusi, na mtu anadai ngazi yake iliyoazimwa. Yote matatu yalifutwa na wenyewe ndani ya wiki moja. Asubuhi ya jaji wa tatu yalitangulia mawili. La pili lilikuwa la ngazi.

"Huyu wa ngazi," alisema, "ana hasira za haraka na msamaha wa haraka."

"Binadamu tumeumbwa tofauti," alijibu Lakiri, akarudi mezani kwake kukaza kamba za majalada.

Mkaguzi akazilinganisha tarehe. Orodha iliyomtaja mwenye nyumba ilipigwa mhuri wa kupokelewa siku moja kabla jalada halijapata jaji wa pili. Iliyomtaja mume wa dada ilitangulia kwa siku mbili. Hapo akaweka kalamu chini. Jaji akishalipokea jalada, hakuna anayeongeza shahidi bila ruhusa yake, kwa hiyo jina la kumng'oa lazima liwemo kabla hajafika. Na ili liwemo kabla, lazima mtu ajue nani anakuja. Aliyejua alikuwa anaisogeza zamu kwa majogoo na ngazi mpaka imfikie anayemtaka.

Aliandika anwani ya mwenye ngazi kwenye kiganja chake, tabia aliyoshindwa kuiacha tangu shule, akatoka.

Mwenye ngazi alikuwa seremala, na hakumzungusha hata kidogo. Alisema ngazi yake haijawahi kuazimwa na mtu. Jirani yake mmoja, mzee wa heshima, alimwomba aweke sahihi kwenye karatasi fulani za ofisini, naye akaweka. Kwani kuna ubaya? Mkaguzi alimuuliza jirani huyo ni nani. Seremala akaonyesha kwa patasi nyumba ya pili, yenye maua ya kopo yaliyopangwa kwa mstari. "Mzee Lakiri," alisema.

Sasa alikuwa na mkono. Bado hakuwa na sababu, na mkono usio na sababu haumfungi mtu.

Mlango wa ile nyumba ya mgogoro ulifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi, mke wa mtoto wa shemeji, nguo mbichi za watoto zikiwa begani.

"Pitia pembeni, mama. Baba mkwe hataki wageni wa uani wapite sebuleni."

Chumba cha mjane kilikuwa na giza saa nne ya asubuhi. Dirisha lake pekee lilitazamana na ukuta ambao shemeji aliuanza wiki moja kabla ya amri. Hali ibaki kama ilivyo, ukuta ukabaki. Bati lilivuja juu ya kitanda, nalo halikuruhusiwa kuguswa, kwani kuziba tundu ni kubadili hali. Cherehani ilisimama mlangoni, mahali pekee penye mwanga, hivi kwamba aliyeingia alipaswa kuikwepa kwa ubavu. Mkaguzi alisimama mle dakika tano tu akatamani kutoka.

"Kaa kitandani, mwanangu, kiti sina," alisema mjane. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. "Daktari anasema nilale hospitali siku mbili anitoe huu mtoto wa jicho. Nimwambieje? Nimpelekee macho, mimi nibaki huku nalinda kitanda?"

"Unashonaje basi?"

"Kwa vidole. Uzi tu ndio unanishinda kutunga."

"Nani anakutungia?"

Mjane aliipapasa cherehani. "Yupo wa kunitungia. Usimwandike humo, nitamponza."

Mkaguzi alichukua maelezo yake: alivyoingiliwa, alivyofungiwa, majaji watatu aliowaona wakifungua jalada na kulifunga. Alimsomea yote, akamshika kidole gumba akakichovya wino. Chini ya kidole akaandika "Mbele yangu", cheo chake, saini yake. Alikuwa ameshaandika maneno hayo mara mia kadhaa na hakuyafikiria.

Alipotoka, mwanamke wa mlangoni alikuwa akianika nguo.

"Mama, samahani. Kesi hii itaisha lini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Wanangu wanataka kujua kwa nini bibi anakaa gizani. Miaka yote nawaambia mahakama inafikiria." Alibana kibanio. "Baba yangu ananiambia nivumilie tu, mambo hayatabadilika. Yeye ndiye anayejua ya huko."

"Baba yako yuko huko?"

"Masjala. Nadhani mnamwita Lakiri."

Njia nzima ya kurudi Mkaguzi alitembea haraka, na alifurahi, tusimfichie. Mzee kaichelewesha haki ili binti yake na wajukuu wasitolewe vyumba vya mbele. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimkuta Lakiri peke yake, akafunga mlango, akaiweka mezani ile barua isiyo na jina. Nayo alikuwa ameitazama upya.

"Mzee wangu, karatasi hii ina matundu mawili ya kuwekea kwenye jalada. Barua zote hutobolewa zikishafika. Hii ilitobolewa kwanza, ndipo ikaandikwa. Ona, maneno yanalikwepa tundu. Nani hutoboa karatasi kabla ya kuandika?"

Lakiri aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona doa kwenye shati lake. "Mazoea," alisema.

"Uliniita wewe."

"Nilikuita mimi."

"Na mwenye ngazi, na kinyozi, na jogoo."

"Jogoo alikuwa wa kweli. Anawika saa nane."

"Unacheka, mzee?"

"Sicheki, mwanangu." Alifungua droo, akatoa karatasi moja, akaisukuma mezani kwa vidole viwili. "Majina namnong'oneza shemeji wa mjane, naye anayaorodhesha. Soma ya kumi na nne."

Ilikuwa orodha mpya ya mashahidi wa shemeji. Shahidi wa kumi na nne alikuwa Mkaguzi wa Mahakama, kutoka makao makuu, aitwe kuthibitisha maelezo ya mdai yaliyotiwa kidole mbele yake. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa wa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumatano, na wino wa kidole cha mjane ulikuwa bado unamchafua Mkaguzi mwenyewe.

"Jumatatu nilikuwa sijamwona hata kwa macho," alisema polepole.

"Miaka thelathini na nane naziweka ripoti zenu. Sijaona mkaguzi aliyekwenda kwa mdai akarudi bila kidole na 'mbele yangu'." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyoeleza zamu. "Na jaji wa nne ni kaka yako. Aliporipoti kazini, fomu yake niliijaza mimi. Ndugu wa karibu: dada. Kazi ya dada: Mkaguzi. Unatumia jina la mumeo, wengi hawajui. Na mkaguzi wa masjala makao makuu ni wewe peke yako."

Mkaguzi aliketi. Tumbo moja, ziwa moja, na alijua tangu mwanzo kwamba kaka yake kahamishiwa kituo hiki. Alijiambia kuwa yeye anachunguza masjala, na kaka anasikiliza kesi, na njia hazikutani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Ukiiandika ripoti, wewe ni shahidi wa hila yangu," Lakiri aliendelea. "Ukiichana, orodha inakuita vilevile. Kaka yako anatoka. Jaji mwingine hapa hakuna."

"Kesho utasimamishwa kazi. Huenda ukafungwa."

"Nililipima hilo kabla sijanunua stempu. Wajukuu ni watatu. Yule baba mkwe alishaapa: siku akitolewa, mwanangu arudi kwetu na watoto wabaki kwake. Nifanyeje? Mjane sikumtakia mabaya. Nilitaka shauri likae tu."

"Kukaa kwake ndiko kunakompofua."

Lakiri alichukua kikombe cha chai kilichokwisha poa, akakirudisha bila kunywa.

Saa tisa kamili kikao cha kulipanga shauri kilikaa chumbani kwa jaji wa nne, ambaye zamu ilimfikia Jumanne. Wadaawa walikaa pande mbili za meza, shemeji na wakili wake huku, mjane kule, ameshikwa mkono na mwanamke aliyemwongoza njia, kanga imeshushwa mpaka machoni. Msajili alikaa pembeni, na Lakiri karibu yake na daftari, kwani kusimamishwa kulikuwa kesho, na leo hakuna mwingine aliyejua kuliandika. Mbele ya jaji kulikuwa na ukurasa mmoja, ambao Mkaguzi aliusoma kichwa chini miguu juu: mashahidi hawa, vielelezo hivi, siku tano za kusikiliza mfululizo, hukumu ndani ya siku sitini. Kaka yake alikuwa mtu wa namna hiyo tangu utoto, hata kula alikula kwa ratiba. Ulibaki kusainiwa tu.

Angeweza kunyamaza mpaka asaini, na kwa dakika nzima alitaka kunyamaza. Lakini kaka yake angefika kwenye shahidi wa kumi na nne, na hata asingefika, hukumu ya jaji aliyefichwa jambo na dada yake ingeanguka kwenye rufaa, na mjane angeanza upya na macho yamekwisha. Alisimama.

"Mheshimiwa, kabla hujasaini, nina la kukueleza."

Alieleza: jogoo, ngazi, mihuri, barua, kidole. Hakupunguza la Lakiri wala la kwake. Jaji alimsikiliza bila kumtazama. Alipomaliza, jaji alifunga jalada kwa viganja viwili.

"Najitoa," alisema. "Dada, kaa."

Wakili wa shemeji alikohoa, akakunja miwani. Na hapo Msajili, ambaye hakuna aliyemtegemea, aliuvuta ule ukurasa usiosainiwa akausoma mpaka mwisho, labda kwa mara ya kwanza kazini kwake, akatoka nao kupiga simu, akarudi.

"Majaji wa kituo wameisha," alisema. "Kanuni inanipa kulihamishia shauri kituo cha jirani. Nimewapigia simu na kuwasomea ukurasa huu. Yuko jaji, hajui mtu yeyote wa mji huu, ameukubali mpango huu kama ulivyo. Orodha ya mashahidi inafungwa leo. Jumatatu asubuhi wanaanza, siku tano. Ni mwendo wa siku nzima kufika, kwa hiyo wadaawa watalala huko."

"Sisi hatuna pingamizi," alisema wakili.

Shemeji aliinama kumtazama mjane, akatabasamu kwa adabu. "Safari njema, shemeji. Chumba tutakiangalia."

Midomo ya mjane ilihesabu siku, kisha ikaacha. "Msajili, hicho chumba nikitoka kikalala kitupu, si changu tena. Si ndivyo mlivyoandika?"

"Ndivyo. Ila ukimweka mtu. Una mtu, mama?"

"Sina."

Mkaguzi aliikodolea sakafu macho. Yeye alikuwa shahidi, na shahidi halali kwenye chumba kinachobishaniwa. Kazi yake yote ya siku tatu ilikuwa imemfikisha mama huyu kwenye mlango uliofunguliwa, na hawezi kuupita. Kama angeweza kulia mbele ya watu angelia.

"Mimi nitalala," alisema aliyemshika mjane mkono.

Shemeji aligeuka taratibu. Ndipo wengine nao walipomtazama vizuri: yule mke wa mwanawe, kanga sasa ameisukuma nyuma, kidole cha shahada kimechomwachomwa na sindano.

"Wewe ni mkwe wangu," alisema shemeji.

"Ndiyo, baba. Amri haikukataza mkwe."

"Ukivuka kwenda uani, usirudi sebuleni kwangu."

"Nimesikia, baba."

Msajili aliichukua amri ya miaka saba iliyopita, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mtu atakayemweka yeye. Alimtazama wakili, naye wakili akapekua makaratasi yake asipate kitu.

"Mdai, unamweka huyu?"

"Namweka," alisema mjane.

"Karani, andika. Jina lake kamili, na jina la baba yake."

Kalamu ya Lakiri haikusogea. Alikuwa amemwinulia mwanawe uso, na mzee yule mtanashati alionekana ghafla mtu aliyezeeka.

"Mwanangu," alisema, "na watoto je?"

"Nitalala nao kule nyuma, baba. Wanamjua bibi yao kuliko unavyodhani." Alisogea mpaka mezani, akaegemea ukingo wake. "Wewe umeniwekea paa miaka yote hii, na mimi sikukuomba. Andika."

Lakiri aliandika. Aliandika jina la binti yake herufi moja moja, akaandika na lake kando yake, akakausha wino, akapiga mhuri. Kisha akaligeuza daftari upande wa pili wa meza ili mwanawe aweke sahihi, na akamwonyesha mahali pake kwa kidole.